Mswada unavyogeuka sheria, na mtu wa Mombasa aingilie wapi

Kila mwezi wa sita ukikaribia utaona baraza zote za mji huu, kuanzia Mwembe Tayari mpaka Kisauni, kahawa yamiminwa na kila mtu ni wakili wa mswada, huyu asema mbunge wetu katuuza, yule asema tulieni Seneti itaukataa, na ukisikiza vizuri wengi wanabishania kitu ambacho kishapita. Ile kura mnayoiona kwenye TV iko karibu na mwisho wa safari. Mambo yenyewe hupikwa kwenye kamati, wiki kadhaa kabla, wakati hakuna anayeshughulika, na hapo ndipo mwananchi ana nafasi yake kisheria. Kwa hivyo ntaeleza njia yote lakini ntakaa sana pale penye faida, kwengine tutapita mbio.

Kwanza ujue nani ni nani

Katiba ya 2010 ndo ilotupa mabunge mawili tena. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 ukimtoa spika, yani 290 wa maeneo bunge, 47 wawakilishi wa wanawake na 12 wa kuteuliwa. Mombasa tuna watu saba mle ndani: wabunge wa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, pamoja na mwakilishi wa wanawake. Seneti ina maseneta 67 ukimtoa spika, 47 wamechaguliwa mmoja kwa kila kaunti, na walobaki ni wa kuteuliwa: wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili. MCA wako, yani mwakilishi wa wadi, hayumo katika haya, bunge lake ni la kaunti, usimpigie simu ukimuuliza mswada wa Nairobi umefika wapi, mwonee huruma.

Sasa kuna jambo moja watu hawalitilii maanani. Kule Seneti mswada unaohusu kaunti haupigiwi kura kwa vichwa, hupigiwa kwa kaunti. Kila kaunti kura moja, anayeipiga ni kiongozi wa ujumbe wa kaunti ile, na huyo ni seneta mlomchagua. Ukipata kura 24 katika 47 umepita. Hapo Lamu yenye maeneo bunge mawili iko sawasawa na Nairobi yenye 17. Sisi Pwani ni kaunti sita, kura sita, si haba kabisa ukilinganisha na kule kwengine ambako wabunge wetu wote wakiungana bado ni wachache.

Hatua ya kwanza: shika mswada wenyewe mkononi

Si ile picha ya ukurasa mmoja ilozungushwa watsapu na duara jekundu. Mswada wenyewe. Miswada huchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali na utaipata kwenye tovuti ya bunge, parliament.go.ke, imegawanywa ile ya Bunge la Kitaifa na ile ya Seneti, kila mmoja una namba na mwaka. Kwa kawaida mswada ukishachapishwa lazima zipite siku 14 kabla haujasomwa mara ya kwanza, labda wapunguze siku wenyewe mle bungeni, kwa hivyo ukiwa mwepesi unaupata hata wabunge wengine hawajaufungua.

Ukishaupata anzia nyuma. Ndio, nyuma. Baada ya vifungu vyote kuna maelezo ya anayeuleta, anaeleza lengo la mswada, halafu kuna mistari michache ambayo ni dhahabu: yuwasema kama mswada unazipunguza haki za watu, kama unampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, kama unahusu serikali za kaunti, na kama ni mswada wa pesa. Dakika tano tu ushajua utapita njia gani. Halafu endelea kufunua, kama ni mswada wa kurekebisha sheria ilopo utakuta mwisho kabisa wamechapisha vile vifungu vya zamani vinavyotakiwa kubadilishwa. Bila hivyo huelewi kitu, manake mswada wa marekebisho huandikwa kwa mtindo wa kuchosha, ati katika kifungu fulani futa neno lile weka neno hili, basi. Yaweza kuwa wamefuta "na" wakaweka "au" na maana yote imepinduka. Weka karatasi mbili ubavuni, ya zamani na mpya, pita mstari kwa mstari. Miswada mingi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo kama kikundi chenu kina kijana mmoja mwenye subira mpeni kazi hii na mumnunulie mahamri.

Hatua ya pili: jua unapita nyumba moja ama mbili

Nyumba ni hayo mabunge mawili, Bunge la Kitaifa na Seneti. Hapa ndipo watu hupoteza nguvu nyingi, wanamlilia seneta kwa mswada ambao hata hatauona.

Mswada wa pesa, yani wa kodi, wa kutoa pesa kwenye mfuko wa umma, ama wa mikopo ya serikali, huanzia Bunge la Kitaifa na huishia hapo hapo. Seneti haina kura. Mswada wa Fedha wa 2024 ndo mfano ambao hakuna asoujua, tarehe 25 mwezi wa 6 wabunge 195 walisema ndio na 106 wakasema la, vijana wakaingia bungeni siku ile ile, na kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Katika mambo yote yale Seneti haikuwa na pa kuushika. Walokuwa wakiwapigia simu maseneta walikuwa na uchungu wa haki lakini namba walokosea.

Ama mswada unaohusu kaunti lazima upite nyumba zote mbili. Unajuaje unahusu kaunti? Fungua jedwali la nne la katiba, pale wamegawa kazi za serikali kuu na za kaunti. Kaunti zina afya, kilimo, chekechea, masoko, barabara za kaunti, na kuna mstari mmoja wa uchukuzi ambao kila mtu wa Mombasa angestahili kuukariri: unataja feri na bandari kuwa za kaunti, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Mstari ule peke yake umezaa mabishano ya miaka. Lakini kwa kazi yetu ya leo maana yake ni kwamba mswada ukigusa vitu hivi una hoja ya kusema Seneti ihusishwe, na hoja hiyo iandike mapema.

Swali likizuka, maspika wawili ndio wanaotakiwa kukaa pamoja na kukubaliana kabla ya nyumba yoyote kuanza kuujadili. Wasipofanya hivyo mambo huharibika mbele ya safari. Mwezi wa 10 mwaka wa 2020 Mahakama Kuu ilifuta sheria 23 ambazo Bunge la Kitaifa lilizipitisha bila Seneti, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufaa. Sheria 23, hebu fikiria.

Hatua ya tatu: kamati, na hapa ndipo pako

Kusomwa mara ya kwanza hakuna kitu, karani asoma jina la mswada tu basi, hakuna mjadala, usipoteze siku kukaa mbele ya TV. Lakini ukishasomwa hupelekwa kwa kamati, wa afya kwa kamati ya afya, wa kodi kwa kamati ya fedha, na kamati inatakiwa na katiba, kifungu cha 118, ishirikishe umma. Hutoa tangazo magazetini na kwenye tovuti: mswada gani, maoni yapelekwe wapi, mwisho lini, na kama watazunguka kaunti watasema watakuwa ukumbi gani. Muda mara nyingi ni mfupi, tena mfupi wa kuudhi, na ndo maana nimesema mswada uupate mapema usingoje tangazo.

Una njia mbili, kuandika na kwenda kusema. Fanya zote mbili lakini ukiwa na nguvu ya moja, andika.

Maandishi hayo huitwa memoranda na watu huyaogopa bure. Kamati haitaki insha. Haitaki "sisi wananchi tumechoka na kunyanyaswa", hiyo ni kweli lakini hakuna pa kuiweka. Inataka kifungu, tatizo, pendekezo, sababu. Tuseme kwa mfano kuna mswada unataka kila mwenye tuktuk awe na cheti kipya kila mwaka, na nyinyi ni chama cha madereva wa Likoni. Mnaandika hivi:

"Kifungu cha 7(2). Kinasema cheti kitatolewa na afisa mmoja aliyeko makao makuu. Tatizo: dereva wa Likoni atalazimika kusafiri hadi Nairobi kila mwaka na kupoteza siku za kazi. Tunapendekeza: maneno 'makao makuu' yafutwe, yawekwe 'afisi iliyoko katika kila kaunti'. Sababu: gharama kwa dereva itapungua na afisa ataweza kukagua chombo chenyewe."

Umeona? Hapo makarani wa kamati wanaichukua ilivyo wanaitia kwenye jedwali la ripoti. Kumi kama hizo ni kurasa tatu. Weka jina, namba ya simu, mnawakilisha watu wangapi, sahihi, tuma kwa anwani ilo kwenye tangazo na ubaki na kopi yenye tarehe. Kopi nyengine mpelekee mbunge wako na mwengine ambaye ni mwanakamati, huyo wa pili pengine ana maana zaidi, manake mbunge wako anaweza kuwa hayumo kamati hiyo kabisa.

Ukienda kusema, mikutano huku kwetu aghalabu huwa kwenye kumbi kama Tononoka. Enda mapema ujiandikishe mlangoni, ukichelewa utaketi nyuma na jina lako halitaitwa. Utapewa dakika chache, mbili tatu hivi, kwa hivyo chagua kifungu kimoja ama viwili, taja namba yake kwanza kabla ya salamu ndefu, maliza, mpe karani karatasi yako mkononi. Sema Kiswahili, ni lugha rasmi ya bunge kwa mujibu wa katiba pamoja na Kiingereza na lugha ya ishara, na wallahi mtu anayejieleza vizuri kwa Kiswahili chake anasikizwa kuliko anayehangaika na Kiingereza cha mahakamani. Bungeni kwenyewe kuna kanuni kwamba mbunge akianza kuchangia kwa lugha moja amalize kwa hiyo hiyo, asichanganye. Sisi huku ukumbini hatubanwi hivyo lakini si vibaya kuiga.

Na utakuta pia wale waloletwa na basi, tisheti moja wote, wasimama mmoja mmoja kusema "tunaunga mkono mswada asilimia mia" bila kutaja kifungu hata kimoja. Usigombane nao. Sentensi zao zote zitakuwa mstari mmoja kwenye ripoti, na zako zitakuwa ukurasa.

Baada ya hapo subiri ripoti ya kamati, huwekwa mezani bungeni na kwenye tovuti. Itafute. Ripoti nzuri huorodhesha nani alisema nini na kamati imeamua nini juu ya kila pendekezo. Hapo utajua kama mbunge anayekwambia "nilisimama na nyinyi" alisimama ama alikuwa chai.

Mahakama nayo yaangalia sana hatua hii. Mwezi wa 7 mwaka wa 2024 Mahakama ya Rufaa ilifuta Sheria ya Fedha ya 2023 na sababu mojawapo ilikuwa ni hii ya maoni ya umma, halafu mwezi wa 10 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo na sheria ikarudi. Kwa hivyo usiketi ukisema mahakama itatusaidia mbele, inaweza na isiweze.

Hatua ya nne: kusomwa mara ya pili, vifungu, mara ya tatu

Mara ya pili ni mjadala wa mswada kwa jumla, twautaka ama hatuutaki, wakubwa wanahutubia. Ukianguka hapa umekufa.

Ukipita, nyumba nzima hugeuka kamati na kuenda kifungu kwa kifungu, na hapa ndipo marekebisho huingia. Kama kamati ililitupa pendekezo lako bado una nafasi moja: mbunge yeyote aweza kulileta mwenyewe, ila alipeleke kwa karani kwa maandishi kabla. Msaidie, mwandikie maneno kamili, yeye asaini tu. Wabunge wana miswada mingi, anayewarahisishia kazi ndiye anayepata. Mara ya tatu ni kupitisha, hupita haraka sana. Bunge la Kitaifa lahitaji wabunge 50 tu ndani ili kikao kiwe halali, Seneti 15, kwa hivyo usishangae viti vitupu.

Hatua ya tano: kuvuka ng'ambo

Mswada unaohusu kaunti sasa hwenda nyumba ya pili, na kule huanza upya, mara ya kwanza, kamati, maoni ya umma, yote. Wengi hawajui hili, ukikosa Tononoka ya kwanza una Tononoka ya pili. Ile memoranda yako badilisha anwani utume tena, ila angalia namba za vifungu, zaweza kuwa zimesogea.

Nyumba ya pili ikiupitisha kama ulivyo, hwenda kwa rais. Ikiurekebisha hurudi ulikotoka, na walioanza wakikubali marekebisho, kwa rais vile vile. Wakikataa, ama nyumba ya pili ikiutupa wote, ndo inaundwa kamati ya upatanishi, idadi sawa kutoka kila upande. Wana siku 30. Wasipoelewana, mswada umekufa. Wakielewana ile nakala yao hupigiwa kura na nyumba zote mbili, na moja ikiikataa, umekufa pia. Mswada waweza kwenda na kurudi kama feri ya Likoni halafu ukazama hatua chache kabla ya gati.

Mfano unaotugusa mfukoni ni mswada wa ugavi wa mapato, ule wa kuamua kaunti zote zipate kiasi gani. Mwaka wa 2019 wabunge walitaka bilioni 310, maseneta bilioni 335, upatanishi wa kwanza ukavunjika mswada ukafa, ukaletwa mwengine, wakaishia bilioni 316.5 na mwaka wa fedha ushaanza zamani. Mwaka wa 2024 baada ya ule Mswada wa Fedha kuanguka, wabunge wakapunguza za kaunti kutoka bilioni 400.1 hadi 380, Seneti ikakataa, upatanishi ukatoa bilioni 387.4 mwaka ukielekea kwisha. Ukiona mshahara wa kaunti umechelewa uulize pia kama kuna kamati ya upatanishi mahali haijamaliza.

Kuna miswada maalum kidogo, kama ule wa kugawia kila kaunti fungu lake kila mwaka. Huo Seneti ndo yenye nguvu, Bunge la Kitaifa likitaka kuubadilisha lahitaji thuluthi mbili ya wabunge, yani 233. Kwa huo mwandame seneta wako, mbunge kwa huo hana msaada mkubwa.

Hatua ya sita: meza ya rais

Spika ana siku saba kuupeleka. Rais ana siku 14, atie sahihi ama aurudishe na maandishi ya kinachomkera. Akiurudisha bunge laweza kukubali maoni yake yote kwa wingi wa kawaida, ama likatae na kumshinda, lakini hapo ni thuluthi mbili ya Bunge la Kitaifa na kama wahusu kaunti basi thuluthi mbili ya ujumbe wa Seneti pia, yani kaunti 32. Kwa kweli ni nadra. Wakifanikiwa rais ana siku saba, na akinyamaza tu siku zikisha, mswada umekuwa sheria bila sahihi yake. Hata zile 14 za kwanza ni hivyo hivyo, kunyamaza si kukataa.

Mswada wa Mgongano wa Maslahi wa 2023 ulipitia karibu mateso yote haya, ukaenda upatanishi, ukafika kwa rais mwaka wa 2025 akaurudisha, ukarekebishwa, ukatiwa sahihi tarehe 30 mwezi wa 7.

Hatua ya saba: gazeti rasmi na tarehe ya kuanza

Sahihi si mwisho. Sheria huchapishwa kwenye gazeti rasmi ndani ya siku saba, na huanza kufanya kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imetaja siku nyengine. Soma kifungu cha mwanzo kabisa, huandikwa hapo. Sheria ya Chai, ambayo ilianza kama mswada wa seneta wa Kericho na ikagusa moja kwa moja mnada wa chai hapa Mombasa, ilitiwa sahihi tarehe 23 mwezi wa 12 mwaka wa 2020 na kuanza tarehe 11 mwezi wa kwanza 2021. Mtu wa ghala alosoma habari ya sahihi akadhani imeanza siku ile alikuwa na wiki mbili na zaidi za kujipanga bila kujua.

Halafu angalia kama sheria inampa waziri kutunga kanuni, kile kitu ulichokiona nyuma ya mswada mwanzo. Ada za leseni, fomu, na faini ndogo ndogo mara nyingi hazimo kwenye sheria, zimo kwenye kanuni, na kanuni nazo zinatakiwa zipitie maoni ya umma na ziwekwe mbele ya bunge, kuna sheria ya 2013 inayosema hivyo. Tangazo lake huwa dogo zaidi, na anayetangaza si bunge ni wizara, kwa hivyo tovuti ya kuchungulia hapo ni ya wizara.